Kikao cha Jumamosi: mafuta yakimwagika baharini

Asalaam aleikum ndugu zangu wa Chongoleani. Tukutane Jumamosi saa 10 alasiri, bandani mnadani. Hoja ni moja: mafuta ghafi ya bomba linalotoka Hoima, Uganda, hadi hapa kwetu Tanga yakimwagika meli ikipakia, tunajikinga vipi?

1. Njooni na daftari la uvuvi (tarehe, aina, kilo) na picha za nyavu, madema na mikoko ilivyo sasa. Bila kumbukumbu za kabla, kudai fidia ni kazi ngumu mno.

2. Mafuta haya yana nta: yakipoa huganda mabonge na kuziba mizizi ya mikoko inayopumulia. Msimwagie sabuni, huyasambaza majini hadi kwenye matumbawe.

3. Mchango wa glavu ni shilingi 2,000, kwa mweka hazina.

Kina mama wa pweza msikose, miamba mnaijua nyinyi maji yakipwa. Anayekuja ajibu "Nipo" kabla ya Alhamisi usiku.