"Nimeomba, nina amani": tumjibuje mtu huyu?

Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe.

Tunakuandikia sisi tunaofundisha darasa la maombi kwa waumini wanaokabiliwa na uamuzi mkubwa: ndoa, kuacha kazi, kuhama, kuingia katika huduma. Kuna neno moja linalotusumbua, nalo ni "amani".

Utaratibu wetu ni huu. Mtu anaandika anachokitaka kwa sentensi moja, na chini yake anaandika kwa nini anakitaka. Kama Maandiko yameshakikataza, hakuna cha kuombea. Kama hayajakikataza, akiombe waziwazi bila kuficha hamu yake, maana hata Bwana wetu pale Gethsemane alitangulia kusema "kikombe hiki kiniepuke", ndipo akasema "walakini si kama nitakavyo mimi". Kisha awashirikishe watu wawili waliokomaa kiimani, wasiofaidika kwa lolote na uamuzi huo. Mwisho angoje, na wakati huo asimpe mtu ahadi wala kulipia chochote.

Hapo kwenye kungoja ndipo wengi wanapoharibu. Wale watu wa Yuda waliosalia baada ya Yerusalemu kutekwa, waliomwendea nabii Yeremia (sura ya 42), waliapa kutii jibu lolote, liwe jema au baya, kumbe walishapiga kambi karibu na Bethlehemu wakielekea Misri. Baada ya siku kumi neno likaja: kaeni katika nchi hii. Wakamwambia nabii kwamba anasema uongo! Mtu wa namna hiyo tunajua la kumwambia: fungua mizigo kwanza, halafu uombe. Vivyo hivyo anayeongeza siku za kufunga kila jibu likichelewa, huyo tunamsomesha Isaya 58, juu ya mfungo asioukubali Mungu.

Anayetushinda ni yule aliyefuata hatua zote. Analolitaka si dhambi. Nia aliyoandika inaonekana safi (ingawa, tuseme ukweli, karibu kila mtu huandika "ili nimtumikie Mungu zaidi"). Washauri wake wamegawanyika: mmoja anasema nenda, mwingine anasema subiri. Naye anasema: "Nimeomba, nina amani." Mazungumzo yanaishia hapo, maana nani atabishana na amani iliyo moyoni mwa mwenzake?

Lakini Yona alikuwa akiukimbia uso wa Bwana, na tufani ilipovuma yeye alikuwa amelala usingizi mzito ndani ya merikebu. Bwana Yesu, akiwa katikati kabisa ya mapenzi ya Baba, alisema roho yake ina huzuni nyingi kiasi cha kufa. Tukipima kwa utulivu wa moyo peke yake, tutampa Yona alama za juu. Tena andiko linaloshikiliwa sana, Wakolosai 3:15 ("amani ya Kristo iamue mioyoni mwenu"), ukilisoma kuanzia mstari wa 12 utaona linazungumzia kuchukuliana na kusameheana. Wafilipi 4:7 nayo inaahidi amani ya kumhifadhi aliyepeleka haja zake kwa Mungu. Haisemi kwamba amani hiyo ni "ndiyo" ya haja yenyewe.

Hata hivyo hatutaki kumfundisha mtu kuogopa kila anachokipenda. Paulo anamwacha mjane huru kuolewa na amtakaye, "katika Bwana tu" (1 Wakorintho 7:39). Daudi alitaka kumjengea Bwana nyumba, akazuiwa, na bado akaambiwa alifanya vema kuwa na nia hiyo moyoni (1 Wafalme 8:18). Hamu inaweza kuwa njema na jibu likawa hapana. Waumini wengi hawalijui hilo. Wakinyimwa wanaanza kujishtaki kwa tamaa ambazo hawakuwa nazo.

Sasa tunaomba ushauri wako. Je, amani ihesabiwe kuwa shahidi mmoja miongoni mwa wengine, au tuitoe kabisa katika mizani? Sisi wenyewe hatukubaliani: baadhi yetu wanahofu kwamba tukiitoa tutamzimisha Roho. Na washauri wakitofautiana, tumwambie mtu angoje mpaka wapatane, au tumwachie aamue kwa hekima aliyopewa?

Wasomaji wanaolea waumini wachanga nao wachangie. Ila mtufafanulie kwa Maandiko. "Roho atawaongoza" tunaambiwa na wanafunzi wetu kila kipindi.

Ni sisi,
Walimu wa darasa la maombi