Mahari tunaandika, sharti la talaka mbona hatuandiki?

Mhariri, asalaam alaykum. Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako. Mie mama mtu mzima wa Wete, si mwanasheria wala si msomi wa dini, chuoni nilikomea juzuu amma, lakini hili la waume kuwatelekeza wake zao na kuwanyima talaka limenikaa rohoni siku nyingi na nisipolisema litanipasua.

Nina mtoto wa dada'angu, aliolewa vizuri tu, maulidi yakasomwa, biriani likaliwa, kila mtu akarudi kwao kashiba. Mwaka wa pili mumewe akaenda Muscat kutafuta, tukasema kheri. Miezi mitatu akatuma pesa, kisha kimya, na leo ni mwaka wa nne hatumi hata ya sabuni. Akiombwa talaka anajibu kwa voisi ya WhatsApp, tena anacheka, hamuachi ng'o mpaka aote mvi. Tukaenda kwa kadhi (mahakama siitaji) ikawa ni njoo Jumatano, Jumatano ukifika kadhi kasafiri, siku nyengine faili halionekani, na msimu wa karafuu ndo usiseme maana mashahidi wetu wote wawili walikuwa juu ya mikarafuu. Mtoto ana miaka 26, anashona kofia za viua uani kwa mama'ke, si mke si mjane.

Sasa mwanangu anayesoma sheria Unguja kaja likizo akaniambia mama, hili si letu peke yetu, Wayahudi nao wanalo na kwao ni zito zaidi. Najua nikitaja Wayahudi wapo watakaonitolea macho, ya Gaza yanatuuma sote na mie siasa siigusi hapa, nazungumza talaka. Kwao talaka inaitwa get, ni hati ambayo lazima mume mwenyewe aitoe kwa ridhaa yake, rabi, yaani sheikh wao, hata awe na elimu ya kujaza kabati hawezi kuitoa badala yake. Mwanamke aliyenyimwa wanamwita aguna, na neno hilo asili yake moja na nanga. Yaani katiwa nanga, mbele hendi nyuma harudi, na sie Wapemba nanga tunaijua. Nikakumbuka Suratu Nnisaa nako mmetajwa mke aliyetundikwa, mwili ukanisisimka.

Na kule Israeli huwezi kusema basi nakwenda mahakama ya serikali, kwa sheria ya mwaka 1953 ndoa na talaka za Wayahudi ni za mahakama za marabi tu, ndoa ya bomani haipo, ndo maana wengine wanapanda ndege kwenda kuoana Saiprasi.

Lakini kilichonipendeza, wale wanawake hawakukaa kitako wakalia. Kuanzia miaka ya 1990 wapo walioingia kusomea sheria ya dini yao hasa, wakapata ruhusa ya kusimama mbele ya marabi kuwatetea wenzao, kazi iliyokuwa ya wanaume. Mwaka 1995 ikapita sheria kwamba mume aliyeamriwa kutoa get akakaidi anaweza kunyang'anywa leseni ya gari, kuzuiwa kusafiri, kufungiwa akaunti ya benki, hata jela. Na hata kabla ya sheria hiyo kuna mwenye kichwa kigumu alikaa jela zaidi ya miaka 30 akafia humo humo na get hakutoa! Kanada nako mke na mume walipoachana kiserikali mume alisaini kuwa atakwenda kwa marabi kutoa get, akaikalia miaka 15, kesi ikafika mpaka Mahakama Kuu kabisa ya nchi na mwaka 2007 ikaamuliwa kuwa ahadi uliyoisaini huwezi kuikimbia kwa kisingizio kuwa ni mambo ya dini, akatakiwa kulipa dola 47,500.

Ila mie kilichonikamata hasa ni karatasi. Marekani, marabi wenyewe, si wapinga dini, waliandika karatasi ya kusaini kabla ya harusi, ipo tangu miaka ya 1990 mwanzoni. Mume anakubali kuwa siku wakitengana atamlisha mkewe kiasi maalumu kila siku, dola 150 ndo inayotajwa sana, mpaka siku atakayotoa get. Hilo ni deni kama deni la dukani, hata jaji asiyejua sala yao anaweza kulidai. Kukaidi kukawa ghali.

Nikamuuliza mwanangu, huyu wetu wa Muscat dola hizo nani atakwenda kumdai? Akacheka, akasema mama sie tuna bora kuliko hiyo. Karatasi yao inambana mume tu, talaka bado imo mkononi mwake. Kwetu kadhi anaweza kuifasakhi ndoa, yaani kuivunja, mume asipotoa matumizi, na zaidi ya hapo kuna taaliki, talaka iliyofungwa kwenye sharti, na katika madhehebu yetu ya Shafi inapita. Malaysia, Mashafi kama sie, bwana harusi anaisoma na kuisaini siku ile ile ya ndoa, kwamba akimtelekeza mkewe muda kadhaa bila matumizi na mke akaenda kushtaki ikathibitika, talaka imepita. Hapo kadhi anathibitisha tu, mume awe Muscat awe mwezini.

Sasa mbona sie hatuna? Wazee wetu wakikaa kupanga harusi wanabishana kilemba, mkaja, begi, kitanda cha aina gani na godoro la inchi ngapi, wanakesha. Nilipolitaja hili kwenye posa moja mwezi uliopita mzee mmoja kanikata kauli, ati kuweka sharti la talaka siku ya harusi ni kuita mkosi. Mahari ya deni mbona mnaiandika, ile haiiti mkosi? Akageuka akaomba chai.

Ninachoomba kwa Ofisi ya Mufti na kwa makadhi wetu, kaeni mtazame kama cheti cha ndoa kinaweza kuongezwa mistari miwili mitatu ya sharti hilo, mume asaini mbele ya mashahidi wale wale. Na nyie mabinti mlioko skuli za sheria, someni fiqhi ya ndoa mpaka muwe mnaulizwa nyie. Na baba yeyote mwenye binti anaposwa mwezi huu asisubiri cheti kipya, karatasi ya kawaida na kalamu zinatosha, amuulize sheikh wake namna ya kuandika.

Kesi ya mtoto wetu imepangwa tena Jumatano ijayo, ni mara ya saba. Mashahidi safari hii nimewaambia walale kwangu.

Mama wa Wete,
Pemba