Kamera ni yako, paswadi ni ya fundi

Mhariri,

Siku hizi hapa Nakuru ukitoka Section 58 mpaka Kiamunyi hukosi kamera kwa geti, hata kwa ploti za watu wa kawaida, na mimi sina neno na hiyo, wezi wametusumbua vya kutosha. Neno langu ni kwa mafundi wanaozifunga, na kwa sisi wenye nyumba tunaowaachia kila kitu.

Huwa hivi. Fundi akimaliza kupiga drili anatoa simu yake, anaskani ile QR, kamera inasajiliwa kwa akaunti yake halafu wewe unatumiwa tu ruhusa ya kuangalia, unalipa, unashukuru, unampa na chai. Sasa risiti inasema kamera ni yako lakini kwa apu mwenyewe ni yeye, na akitaka saa nane usiku anaona nani ameingia, nani amelala kwa kochi, mama watoto akipita na leso. Ukibadilisha paswadi ya waifai kamera itakatika, sawa, lakini ukiirudisha kwa mtandao bado iko kwa akaunti yake, na kuna aina zingine hata ukizirizeti haziachi akaunti ya kwanza mpaka mwenye akaunti azifute mwenyewe. Kwa hivyo kabla pesa itoke mwambie asajili kwa simu yako na namba yako, na kama alishaweka kwake aifute ukiangalia. Akisema eti lazima abaki ndani ndio akusaidie ikiharibika, mjibu ikiharibika atapigiwa.

Halafu kuna paswadi ya kiwandani, zile za admin na 12345. Watu husema nani atahangaika na kamera ya mtu wa Lanet. Hakuna anayekuhangaikia wewe, ni programu inazunguka intaneti ikijaribu kila mlango. Mwaka wa 2016 virusi inaitwa Mirai ilishika kamera na rauta nyingi sana kwa kujaribu majina na paswadi kama 60 hivi za kiwandani, basi, na mwezi wa Oktoba vifaa hivyo vikatumika kuangusha Twitter na Netflix kwa masaa. Waliokiri kuitengeneza walikuwa vijana watatu wa Marekani!

Na hii ya kushare waifai moja ploti nzima. Naelewa, maisha ni magumu, lakini mkiwa nyumba nane kwa rauta moja tivi yako na kamera yako viko sebule moja na simu za watu hata huwajui, ndio maana mtoto wa jirani anarusha katuni kwa tivi yako ukiangalia habari. Rauta nyingi zina mtandao wa wageni, washa huo uwape hao, wewe baki na wako. Na ile stika ya paswadi chini ya rauta isiwe ndiyo paswadi unatumia mpaka leo, kila mtu ameshaipiga picha.

Malandlodi nao wasidhani kamera ya korido ni mambo yao tu. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya mpangaji pia, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inampa haki ya kuambiwa data yake inachukuliwa ya nini. Ukiona lenzi imeelekezwa kwa mlango wako uliza nani anaangalia na picha zinakaa muda gani, na usipojibiwa unaweza kupeleka malalamiko kwa ofisi ya Kamishna wa Data.

Lakini mzigo wote usiachiwe mnunuzi. Uingereza tangu Aprili 2024 sheria inakataza kuuza vifaa vya nyumbani vya intaneti vyenye paswadi moja ya kiwandani ambayo kila mtu anaijua. Hapa kwetu Mamlaka ya Mawasiliano ndiyo hupasisha vifaa vya mawasiliano kabla viuzwe, sasa mbona hilo lisiwe sharti, ama tunangoja nini?

Msomaji,
Kiamunyi, Nakuru