iPAQ hx4700 na kioo chake cha inchi 4: wenye nayo wanavyoisema, na tunavyoihudumia

Watu wanaotuuliza kuhusu HP iPAQ hx4700, kompyuta ya mfukoni ya enzi za kabla ya simu janja za leo, ni wa aina mbili. Kuna aliyeikuta kabatini baada ya miaka mingi, na kuna anayetaka kununua iliyotumika. Wote huwa wameshasoma maoni ya wenye nayo, na wote huja wamechanganyikiwa, maana maoni yenyewe yanagongana. Mmoja anaapa kwamba hajawahi kushika kompyuta ya mkononi yenye kioo kizuri kama hicho. Mwingine anasema aliiuza mapema na hakuijutia. Sisi mafundi tunaozifungua na kuzifunga tunaona kila mmoja ana haki yake, kwa sababu hawakuinunua kwa kazi moja.

Tuanze na kioo, kwa kuwa ndicho kilichowafanya watu watoe fedha. Mashine hii ilitoka mwaka 2004. Wakati huo kompyuta nyingi za mfukoni zenye Windows zilikuwa na kioo cha inchi 3.5 au pungufu, chenye pikseli 240 kwa 320. Hii ikaja na inchi 4 na pikseli 480 kwa 640. Piga hesabu: pikseli 307,200 dhidi ya 76,800, yaani mara nne. Haikuwa ya kwanza. Toshiba e800 ilikuwa na kioo cha namna hiyo tangu 2003, na Dell Axim X50v ilitoka 2004 hiyo hiyo ikiwa na inchi 3.7. Lakini hx4700 ilikuwa na umbo la chuma chepesi na kifuniko cha plastiki cha kufunika kioo, na ndani yake prosesa ya Intel ya megahezi 624, ambayo kwa wakati ule ilikuwa kasi ya kujivunia.

Kwa msomaji, namba hizo zina maana moja: kwenye kila inchi kuna pikseli karibu 200, wakati kioo cha kawaida cha siku hizo kilikuwa na 114 hivi. Ukingo wa herufi hauonekani kama ngazi tena. Ndiyo maana wanaoisifu zaidi ni wasomaji wa vitabu, watu wa ramani, na wale ambao kila siku wanafungua majedwali ya hesabu. Hata anayeiuza kwa hasira, kwenye tangazo lake utaona ameanza na sifa za kioo.

Sasa kuna jambo ambalo lilizaa manung'uniko mengi, na linaendelea kuwashangaza wanunuzi wapya. Mfumo wa Windows Mobile 2003 Second Edition uliokuja na mashine ulichora kila kitu kwa kipimo kilekile cha vioo vidogo, ila ukatumia pikseli nne pale palipokuwa na moja. Herufi zikawa laini na nzuri, lakini idadi ya mistari kwenye ukurasa haikuongezeka. Mtu aliyetarajia kuona safu nyingi zaidi za jedwali lake akaona safu zilezile, zimepigwa pasi tu. Wapenzi wa kompyuta hizi walitengeneza programu ndogo za kuondoa kizuizi hicho, na kweli ukiiweka mojawapo kioo kinafunguka: barua pepe nyingi zaidi kwenye orodha, jedwali pana zaidi. Gharama yake ni kwamba herufi za menyu zinakuwa ndogo sana, na baadhi ya madirisha yanakatika pembeni. Tukiombwa ushauri, mwenye macho makali tunamwekea. Anayetumia miwani ya kusomea tunamwambia aache ilivyo, na mpaka sasa hatujamsikia wa miwani akirudi kuidai.

Baada ya kioo inakuja lawama kubwa kuliko zote: pedi ya kugusa.

Kompyuta nyingi za mfukoni za zama zile zilikuwa na kitufe cha pande nne chini ya kioo, unakibonyeza juu, chini, kushoto, kulia, na katikati unakubali. Kwenye hx4700 kitufe hicho hakipo. Mahali pake pana kipande cha mraba cha kugusa, teknolojia ya NavPoint ya Synaptics, jamaa wa pedi iliyoko kwenye kompyuta za mapaja. Ina namna mbili za kufanya kazi: ama inasogeza mshale kwenye kioo, ama inajifanya kitufe cha pande nne. Wazo halikuwa baya. Anayeunganisha mashine na kompyuta ya ofisini na kuiendesha kutoka mbali huufurahia mshale huo, kwa sababu anagonga vitu vidogo bila kutoa kalamu ya kugusia kioo. Shida ni kwa wengine wote. Kidole kinateleza bila kuhisi mpaka, kwa hiyo unataka kushuka mstari mmoja, unashuka mitatu. Kusoma kwa mkono mmoja umesimama kunakuwa kazi. Na wacheza michezo? Hao ndio waliokimbilia Axim.

Tunaulizwa mara kwa mara kama tunaweza kuitoa pedi na kuweka kitufe cha kawaida. Hatuwezi, na mtu akikuambia anaweza, mwombe akuonyeshe aliyoimaliza. Kinachosaidia ni kidogo lakini kipo. Safisha pedi, maana mafuta ya vidole yanaifanya iruke. Ingia kwenye mipangilio yake upunguze wepesi wa kuhisi. Halafu vile vitufe vinne vya mbele, chagua viwili uvipe kazi ya kupandisha na kushusha ukurasa. Mipangilio ya vitufe ndani ya Windows inaruhusu hivyo bila programu ya ziada. Msomaji wa vitabu akishafanya hilo la mwisho, kwa kawaida anaisahau pedi kabisa.

Betri na data ndiko tunakoletewa kesi ngumu zaidi, na hapa tunaomba usome taratibu kama mashine yako ilikuwa imelala.

Kwenye Windows Mobile 2003, majina ya watu, miadi, maandishi na programu ulizoongeza hukaa kwenye RAM, ambayo kwenye hx4700 ni megabaiti 64. RAM inahitaji umeme muda wote, hata mashine ikiwa imezimwa. Betri kuu ikiisha kabisa, na chaji ndogo ya akiba ya ndani nayo ikaisha, vilivyokuwemo vinapotea na mashine inawaka kana kwamba imetoka dukani. Si kwamba vimefichwa mahali vinasubiri fundi mwerevu. Havipo. Huwa ni maongezi mazito, hasa mtu akija kutafuta maandishi ya mzazi aliyefariki, na hatupendi kumpa mtu matumaini ya uongo ili tumtoze kazi ya kutafuta kisichokuwepo.

Lakini usikate tamaa kabla hatujaangalia sehemu tatu. Mashine ina kumbukumbu ya kudumu, na sehemu yake moja inaonekana kama folda inayoitwa iPAQ File Store. Kilichohifadhiwa humo hakitegemei betri. Pili ni kadi za kumbukumbu: hx4700 ina tundu la SD na tundu la CompactFlash, na waangalifu wengi walikuwa wakihifadhi nakala ya mashine nzima kwenye kadi. Faili la nakala likipatikana, mara nyingi tunarudisha kila kitu. Tatu ni toleo la mfumo. Kama mwenyewe aliwahi kuipandisha kwenda Windows Mobile 5, basi data inakaa kwenye kumbukumbu ya kudumu na kufa kwa betri hakuifuti. Wenye nayo waligawanyika juu ya toleo hilo pia: waliofurahia usalama wa data walilalamika papo hapo kwamba mashine imekuwa nzito, kwa kuwa kuandika kwenye kumbukumbu ya kudumu ni polepole kuliko kwenye RAM. Sisi tuko upande wa usalama. Mashine nzito inavumilika.

Kuhusu betri yenyewe: ya kawaida ni ya mAh 1800 na inatoka kwa kuvutwa, bila bisibisi, jambo ambalo watumiaji wa simu za leo wataonea wivu. Kulikuwa na kubwa ya mAh 3600, nene, inayotuna mgongoni. Kioo kikubwa chenye mwanga kinakula umeme, na Wi-Fi ikiwashwa kinapata mwenza, kwa hiyo waliokuwa nayo siku nzima nje ya ofisi walikuwa wakibeba betri mbili. Ukinunua leo, usivutiwe na tangazo la betri halisi ya kiwandani ambayo haijafunguliwa. Betri ya lithiamu inazeeka hata ikiwa ndani ya boksi lake. Bora iliyotengenezwa karibuni na kampuni nyingine, kuliko halisi ambayo imekaa ghalani tangu enzi hizo. Na ukiona mgongo wa mashine umevimba au betri haikai vizuri mahali pake, usiikandamize irudi na usiichomeke kwenye chaja. Itoe kama inatoka bila nguvu, iweke mbali na vitu vinavyoshika moto, kisha utujulishe.

Kioo kikiwa na tatizo, tusaidie kulitambua kabla hujaileta. Kinahisi mgandamizo, si umeme wa kidole kama simu za sasa: kuna tabaka mbili nyembamba zenye nafasi katikati, na kalamu ikibonyeza ya juu inagusana na ya chini. Kwa hiyo kuna maradhi mawili tofauti. Ukigusa hapa ikaitika pale, anza na kurekebisha mguso kwenye mipangilio. Kama bado, au kama mstari wa kalamu unakatika sehemu fulani tu, tabaka la juu limechoka. Ukiona mistari ya rangi, doa jeusi au giza upande mmoja, hapo ni paneli ya picha yenyewe, na kazi ni kubwa zaidi. Kuna pia kesi ya aibu kidogo, ya makombo na vumbi lililojibana kwenye ukingo wa fremu na kukibonyeza kioo saa zote. Hiyo tunaimaliza kwa brashi. Vipuri vya kioo tunavitoa kwenye mashine nyingine zilizokufa, na tunakuambia hivyo wazi, pamoja na mikwaruzo kama ipo, ili uamue kabla hatujafungua yako.

Intaneti tusiipambe. Wi-Fi yake ni ya aina ya kizamani, 802.11b, na mitandao mingi ya sasa imefungwa kwa njia za usalama ambazo mfumo wake wa awali hauzijui. Hata ukiunganika, tovuti nyingi hazitafunguka kwa sababu kivinjari hakielewi usimbaji unaotumika siku hizi. Anayekuuzia kwa kukuambia utaperuzi nayo, anakuuzia kitu kingine. Kuunganisha na kompyuta ya mezani nako kuna vikwazo: ActiveSync, programu ya Microsoft ya kuunganisha, inakubali Windows XP, matoleo yaliyofuata yalitegemea Windows Mobile Device Center, na kwenye Windows 10 hiyo nayo inasumbua. Tunachowaelekeza wateja ni kutumia kisomakadi: unaweka vitabu na faili kwenye kadi, unaichomeka kwenye mashine, basi. Kwa tundu la SD tumia kadi isiyozidi gigabaiti 2, kwa kuwa SDHC, yaani kadi za SD zenye nafasi kubwa zaidi, zilikuja 2006 na mashine hii haikuziwazia. Kama unahitaji nafasi zaidi, tundu la CompactFlash ni karimu kuliko hilo.

Je, uinunue? Kama unataka daftari na kitabu kisichokupigia kelele za ujumbe kila dakika, kinachowaka papo hapo ukibonyeza, chenye kalamu na kioo kinachosomeka vizuri, ndiyo, na tafuta yenye kifuniko cha kioo kwa sababu zilizopoteza kifuniko huwa zimechubuka. Uzito wake ni kama gramu 187, kwa hiyo inakaa mfukoni, ingawa mfuko wa shati utalalamika. Kama unataka kifaa cha kukaa pembeni ya simu na kufanya yaleyale ya simu, hapana. Na kama ni michezo ya zamani unayoitaka, nenda kwa Axim X50v; ina kitufe cha pande nne na chipu ya picha iliyofanywa kwa kazi hiyo, na tofauti ya inchi 0.3 hutaihisi.

Ukituletea mashine, ije na chaja au kitako chake cha kuchajia kama bado unavyo, na kadi zote hata zile unazodhani ni tupu. Usiirudishe kwenye hali ya kiwandani ukidhani unatusaidia. Andika kwenye karatasi toleo la mfumo kama linaonekana, mara ya mwisho ilipowaka, na kitu kimoja cha muhimu kuliko vyote kwetu: unataka mashine ifanye kazi, au unataka kilichomo ndani? Fundi huanza mahali tofauti kulingana na jibu lako, na kwa data hatugusi betri wala mipangilio mpaka tumenakili kadi.