Barua ya wazi kwa Mrajis: daftari la kahawa liingie kwenye mfumo pamoja na sababu zake

Kwa: Mrajis wa Vyama vya Ushirika, Tanzania Bara

Yah: Kuhamisha kumbukumbu za vyama vya msingi vya kahawa kwenye mfumo wa kidijitali

Ndugu Mrajis,

Tunakuandikia sisi makarani wa mizani na watunza vitabu wa vyama vya msingi vya kahawa mkoani Kilimanjaro. Mizani za kielektroniki, vishikwambi na MUVU, yaani Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, tunavitaka. Daftari la mkono hulowa, huliwa na mchwa, na tarakimu yake hugeuzwa kwa kalamu ya wino uleule. Ombi letu ni kwamba kabla utaratibu wa zamani haujaondolewa, kwanza ijulikane ulikuwa unazuia nini. Wakulima wa mlimani walianza kujikusanya chini ya KNPA, chama cha wakulima wenyeji wa Kilimanjaro, mwaka 1925, na KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, ikafuata mwaka 1933. Tunawaenzi waasisi hao kwa kutunza walichokijenga mezani na kwenye mizani, maana picha zao ukutani hazimlindii mkulima kilo hata moja.

Tuanze na mizani, maana ndipo fedha inapopotelea. Kwa desturi karani husoma kilo kwa sauti, mkulima akairudia, ndipo kalamu ikaandika, na kaboni ikatoa nakala tatu: ya mkulima, ya ofisi na inayobaki kitabuni. Mizani mpya ina kioo kimoja kinachomtazama karani. Tafadhali agiza zinunuliwe zenye kioo cha pili upande wa mkulima, na hata zikiwa nacho, kilo ziendelee kutajwa kwa sauti. Wazee wengi wanaoleta kahawa hawaoni vizuri tarakimu zinazowaka juani.

Kuna mipangilio miwili ya mizani inayoumiza kimyakimya. Wa kwanza ni kukata desimali. Kilo 17.8 zikiandikwa 17, mkulima hana ushahidi wa kilichokatwa. Kwa wastani hukatwa nusu kilo kila kipimo, hivyo chama chenye vipimo 2,000 kwa msimu hubaki na tani 1 nzima ghalani isiyo na jina la mtu, na kahawa isiyo na jina haikosi wa kuichukua. Wa pili ni uzito wa chombo. Gunia la katani hukaribia kilo 1, ilhali kiroba cha plastiki ni gramu mia na kidogo tu. Mfumo ukipangwa kutoa kilo 1 kwa kila mfuko, mwenye kiroba anaibiwa karibu gramu 900 kila anapopima, na hakuna aliyekusudia. Chombo kipimwe kikiwa kitupu, au karani achague aina yake kabla ya kupima. Na kila asubuhi jiwe la kilo 20 lililohakikiwa na Wakala wa Vipimo liwekwe juu ya mizani mbele ya wakulima wawili, namba iliyoonekana iandikwe.

Ghalani tatizo ni unyevu. Kahawa kavu yenye ganda inatakiwa iwe na unyevu usiozidi asilimia 12. Ikipokelewa ikiwa na 16, kilo 100 zitakapokauka hadi 12 hubaki kilo 95 na nusu hivi. Leja ya zamani ilikuwa na safu ya upungufu wa ghala. Programu isiyo na safu hiyo itamwonyesha mtunza ghala kuwa mwizi kila msimu, na yeye atajikinga kwa kupunguza kilo za mkulima pale mizanini. Tunaomba unyevu upimwe na uandikwe kwenye stakabadhi ileile ya kilo.

Kazi ngumu kuliko zote ni majina. Kijiji kimoja kinaweza kuwa na wanachama sita wenye majina mawili yanayofanana kabisa, na kilichowatenganisha miaka yote ni namba ya uanachama, jina la baba na kihamba, yaani shamba la ukoo. Pembeni ya ukurasa kuna maandishi ya wino mwekundu: nani amefariki, nani amerithi hisa. Mwingizaji wa takwimu huyaruka kwa sababu hayana safu kwenye fomu yake. Halafu namba 0047 ikiingizwa kwenye jedwali la kompyuta hugeuka 47, na namba yenye mkwaju kama 3/47 huweza kugeuka tarehe ya mwezi Machi. Kwa hiyo safu ya namba ifanywe ya maandishi kwanza, kila ukurasa upigwe picha, kisha watu wawili waingize kila mmoja peke yake na kazi zao zilinganishwe. Pasipofanana, mjumbe wa bodi anayeijua familia hiyo aulizwe. Namba ya zamani isifutwe, ibaki kando ya mpya.

Malipo ya pili, yaani nyongeza anayopata mkulima kahawa ikishauzwa mnadani, hufika miezi mingi baada ya kahawa kupimwa. Karatasi za risiti za mashine ndogo hufifia zikikaa karibu na jiko au juani, na ujumbe wa simu mara nyingi huenda kwa mjukuu mwenye laini. Kadi ya mwanachama inayogongwa muhuri isiondolewe mpaka malipo ya pili ya msimu wa kwanza wa kidijitali yawe yamelipwa yote. Mfumo nao utunze bei ya kila loti, yaani kila fungu la kahawa lililouzwa mnadani, kwa kuwa wastani peke yake humnyima mwenye kahawa bora anachostahili.

Tunaomba waraka wako utoke kabla mizani hazijafunguliwa msimu ujao, ukielekeza daftari na mfumo viende pamoja kwa msimu mmoja mzima. Kila jioni kilo za mizani, jumla ya stakabadhi na kilo za ghalani vilinganishwe, na Katibu Meneja asaini tofauti ikiwapo. Madaftari yaliyokwisha kuingizwa yasichomwe wala kufungiwa stoo ya bati. Yawekwe kwenye rafu zilizoinuka sentimita 15 kutoka sakafuni na zisizogusa ukuta, bila kufungwa kwenye nailoni, hadi Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa au Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi kikubali kuyapokea.

Wako katika ushirika,

Makarani wa mizani na watunza vitabu wa vyama vya msingi vya kahawa, Kilimanjaro