Mama anaificha inhela chini ya godoro

Daktari, shikamoo. Naishi Dar es Salaam, ila mgonjwa ni mama yangu mzazi, yuko Makete mkoani Njombe. Ana miaka 63 na hajawahi kuvuta sigara hata moja.

Mama ametulea watoto sita kwa kupika komoni, pombe ya kienyeji. Pipa linapanda motoni saa tisa usiku. Kuni zake ni mabanzi ya paina kutoka kwa wapasua mbao, mengi bado mabichi, na kidirisha cha jiko, kidogo kama daftari, huzibwa gunia Juni na Julai kwa ajili ya baridi. Ukiingia unaona miguu ya watu kabla ya nyuso zao.

Kikohozi anacho tangu tukiwa wadogo. Tulijua mama karudi kutoka shamba kwa kukohoa kwake, wala hatukuwaza kwamba ni ugonjwa. Miaka minne hii mambo yamebadilika. Kila baridi ikiingia anaanguka: makohozi yanageuka kijani, kifua kinalia kama filimbi, usiku anakaa ameegemea mito maana akilala chali anakosa hewa. Zahanati wanampa amoksilini, anapata nafuu, wiki chache baadaye tuko palepale. Mwaka jana peke yake alimaliza dozi tano. Amepimwa makohozi mara mbili, kifua kikuu hana. Hata hivyo kuna ndugu yetu alimtengea kikombe chake, na mama alikiona.

Mwezi wa nane nilimpeleka hospitali kubwa. Kutoka stendi hadi getini alisimama mara tatu kutafuta pumzi. Walimpiga picha ya kifua, wakampulizisha kwenye mashine, wakampa dawa ya kuvuta, wakampulizisha tena. Majibu hayakubadilika sana. Daktari akasema hii si pumu, ni mkamba sugu: kukohoa makohozi angalau miezi mitatu kwa mwaka, miaka miwili mfululizo. Moshi umeunguza mirija ya hewa mpaka imekuwa myembamba, na haitarudi kama zamani. Akaandikiwa inhela, kile kikopo cha kuvutia dawa kwa mdomo. Nesi alitoboa kitako cha chupa ya maji ya nusu lita, akaichomeka pale ili mama avute polepole bila kuhangaika. Mama alicheka, akasema sasa analewa dawa kwa chupa.

Krismasi nilipokwenda kumsalimia nikaikuta inhela chini ya godoro, karibu imejaa. Kijijini wanasema ukianza kuvuta huachi mpaka kaburini, na wanamtaja mzee fulani aliyefariki nayo mkononi. Badala yake mama anameza aminofilini, vidonge vya kupanua mirija ya hewa, za duka la dawa, zinamwendesha moyo mbio na usingizi hapati. Nilishindwa kumjibu, kwa sababu daktari mwenyewe alisema atatumia inhela siku zote.

Nilimnunulia pia mtungi wa gesi wa kilo sita. Anachemshia chai ya wageni. Anasema komoni haipikiki pale, na nikipiga hesabu naona hasemi uongo: mtungi ungeisha kabla pombe haijauzwa. Nasikia lengo la Serikali ni asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Mama atakuwa kavuka sabini.

Kaka anataka nimlete Dar, eti joto litamponya. Mama anajibu kwamba huku atakufa kwa kukaa bure.

Naomba unisaidie haya. Nimwelezeje kuhusu inhela aelewe kwamba haimfanyi mtumwa? Hizo aminofilini aendelee nazo au aache? Dozi za kila mara zilikuwa na kazi gani ikiwa tatizo ni moshi, na ni dalili ipi ikitokea usiku nisisubiri kukuche? Tukihamishia pipa nje, chini ya kibanda kisicho na kuta, itamsaidia kitu au tumechelewa? Kumwambia aache komoni sitaweza, kwa hiyo naomba usinishauri hivyo.

Na kuna mtoto wa kaka, ana miaka mitatu. Alfajiri mama humbeba mgongoni akikoroga pipa. Naye ameanza kukohoa.

Binti wa Makete,
Dar es Salaam