Odette, pima baridi kwanza

Bukavu, Kadutu
Tarehe 21 Mei

Odette dada yangu,

Jambo sana. Sauti uliyonitumia nimeisikiliza nikitwanga sombe, nikacheka mpaka mama mkwe akaja kuuliza kuna nini. Fundi wa vikwembe, yaani vitenge, wa Katuba pale Lubumbashi, leo anataka kulea kalunguyeye! Huku tuko wazima, watoto wanasoma. Salamu nyingine zitangoja, maana mteja wako anayetaka kukuachia mnyama huyo anafunga mizigo mwisho wa Juni na anataka jibu.

Umesema mnyama alizaliwa kizimbani. Muulize tena, na umwombe karatasi zozote alizonazo. Kama amechimbuliwa porini, jibu ni hapana, hata kama kijana aliyemuuza alikuwa na uso wa huruma. Tangu Februari 2014 nchi yetu ina sheria ya kuhifadhi maumbile, na mnyama wa porini haokotwi tu kama embe lililoanguka. Ila ushukuru kwamba hakukupa kasuku wa kijivu. Yule biashara yake ya kimataifa ilifungwa kwenye mkutano wa CITES, ule mkataba wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, huko Johannesburg mwaka 2016, na tena anaishi miaka makumi. Ungelazimika kumgawa kwenye urithi. Kalunguyeye akitunzwa vizuri ni miaka minne, mitano, labda sita.

Uliuliza kama ananuka, kama anauma. Mimi nakuuliza kingine: saa tano za usiku wewe huwa uko wapi? Najua. Uko kwenye mashini, kwa sababu umeme kwenu unarudi watu wakishalala, na unashona mpaka saa nane. Hapo ndipo mnapopatana. Yeye hulala mchana kutwa, huamka giza likiingia, na kwa usiku mmoja anaweza kukimbia kilomita kadhaa kwenye gurudumu lake. Huko Ulaya na Marekani wapo wanaomchukua halafu wakachoka naye kwa hilo tu: wao wanataka kulala, yeye ndiyo kwanza anaingia kazini. Kwako kelele ya gurudumu itamezwa na mashini. Liwe gurudumu la uso mzima lakini, lisilo la vyuma vyenye nafasi, maana miguu yake hunasa na kuvunjika. Na litaoshwa kila asubuhi, kwa kuwa anakimbia na kunya humohumo. Hilo ndilo jibu la harufu.

Lakini Josué je? Umesema unataka mtoto apate rafiki. Mtoto wa miaka saba anaamka kwenda shule wakati mnyama ameshajifukia kulala, na akirudi mchana atakuta mpira wa miiba. Ukimwamsha kwa nguvu anajikunja na kupuliza kwa hasira. Humzoea mtu polepole sana, tena kwa harufu kuliko kwa sura, na hata akishakuzoea yeye si wa kukumbatiwa. Huyu atakuwa mnyama wako wewe. Kama ni kwa ajili ya Josué, mpe kobayi wawili, wale wanyama wadogo wala majani. Wao wako macho mchana, wanapenda kuwa pamoja, wanapiga kelele wakisikia majani yanakuja. Majani mabichi ni lazima, kwa sababu mwili wao hautengenezi vitamini C, kama sisi. Huku kwetu kobayi wanazunguka jikoni kwa watu wengi, ingawa mwisho wao ni sufuria. Josué usimwambie hilo.

Sasa nije kwenye kinachonitia wasiwasi. Kalunguyeye huyu ni wa nchi za joto. Chumba chake kinatakiwa kisishuke chini ya nyuzijoto 24 hivi. Kikifika 18 na kuendelea kushuka, anazubaa, mwili unapoa, anajikunja na hafunguki. Jamaa zake wa Ulaya hulala namna hiyo msimu mzima wa baridi na kuamka wazima, kwa sababu hujinenepesha kwanza. Huyu wetu akiingia kwenye usingizi huo anaweza kufa nao.

Na Juni na Julai za Lubumbashi unazijua kuliko mimi. Nilipokuja kusoma huko nilijiona mtu wa milimani, lakini baridi ya alfajiri ilinishinda. Mji uko mita kama 1,200 juu ya bahari, anga ya kiangazi haina wingu, joto lote la mchana linapaa usiku, na kipimo kinaweza kushuka chini ya 10. Mteja wako ana jenereta. Wewe una umeme wa kubahatisha. Ule mkeka wa kupasha joto anaokuachia, umeme ukikatika saa tisa za usiku unabaki kitambaa tu. Nakujua, utafikiria mbabula, jiko la makaa. Hapana, dada. Makaa kwenye chumba kilichofungwa yanaua watu wazima usingizini, sembuse kiumbe cha gramu 400, na wewe na Josué mtakuwa mnavuta hewa hiyohiyo.

Kinachowezekana ni sanduku la mbao lenye mlango mdogo, likae chumba cha ndani mbali na ukuta wa nje, na chupa mbili za maji ya moto zilizofungwa nguo, unazibadilisha kwa zamu kutoka kwenye thermos. Yaani utaamka alfajiri, miezi miwili, kwa ajili yake. Kwa hiyo kabla ya kujibu, nunua kipima joto, kitundike pale unapotaka kumweka, ukisome kabla jua halijatoka. Fanya hivyo usiku wa umeme na usiku wa giza. Kikikuonyesha 15, chupa hazitatosha, mwambie mteja atafute mwingine. Pale unaposhonea, chini ya bati, sihitaji kipimo: hapafai.

Jambo jingine la nyumba ya fundi ni nyuzi. Utashawishika kumtandikia mabaki ya vikwembe, na ndiyo hatari yenyewe. Uzi uliofumuka unamzunguka mguuni, unakaza, mguu unavimba mpaka unakatika. Tumia kitambaa cha polari, kile kisichofumuka, na akitolewa kutembea sakafu ifagiliwe pini zote. Siku akinusa kikwembe kipya, usishangae akitoa povu mdomoni na kujipaka miibani kwa ulimi. Si kichaa cha mbwa. Ndivyo wanavyofanya wakikutana na harufu ngeni, na kwako harufu ngeni zinaingia kila wiki.

Chakula ni rahisi kidogo: cha paka, kikavu, kisicho na mafuta mengi, pamoja na wadudu. Utacheka ukimkatia viwavi ambavyo jirani yako ananunua kwa ajili ya bukari (ugali) yake. Mpe vichache, maana hunenepa haraka mpaka hawezi kujikunja. Kumbikumbi hivyohivyo. Maziwa hapana. Na mende waliopuliziwa dawa wasimfikie.

Mikono ioshwe kila anaposhikwa, vyombo vyake visioshewe pamoja na sahani zenu, asibusiwe. Anaweza kubeba salmonela, na choa cha ngozi pia. Akiugua, usihangaike na wauza dawa za kuku. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha tiba ya mifugo, anzia hapo. Uende sasa, akiwa mzima, uulize kama kuna anayeweza kumshika mnyama huyu. Ukipata mtu mmoja tu inatosha.

Halafu kuna safari zako za Kasumbalesa, kule mpakani, kuchukua mzigo. Ukilala huko siku mbili katika Julai, nani anabadilisha chupa? Dada yako anaogopa hata panya. Ukinipa jina la mtu, nitanyamaza.

Mimi moyoni naona unamuweza kuliko wengi, kwa sababu ya usiku wako. Baridi ndiyo itakayoamua. Muombe mteja akuachie gurudumu na akiba ya chakula, na kama inawezekana amweke mnyama mpaka Agosti kwa rafiki mwenye jenereta. Akikubali hilo, mchukue, mimi sina neno.

Nitumie namba za kipima joto kwa WhatsApp. Msalimie Josué na mama. Na ile nguo yangu ya harusi ya shangazi usiisahau: vipimo ni vilevile, ila uongeze kidogo kiunoni.

Mwenzako,
Espérance